Nilipaka dawa viwikoni miaka sita, kumbe ugonjwa uko tumboni (uzi mrefu, vumilieni)

#1 NgalawaBarafuni

Wakuu habari za humu. Uzi huu niliahidi kuuandika tangu Ramadhani, nikawa naupiga danadana. Juzi mdogo wangu kanitumia picha ya magoti yake kwenye simu, chini kaandika "dada, si ndiyo yale yako?" Nikaona basi, leo nakaa chini.

Mimi ni mtoto wa Tanga, Ngamiani. Kwa sasa naishi Tampere, Ufini. Lakini mambo yalianzia Dar, mwaka 2011.

Yalianza viwikoni. Viwiko vyote viwili, wiki moja, kama vilivyopeana habari. Vipele vidogo vyenye maji, vimekaa vitatu vinne pamoja, na vinawasha kabla hata havijatokeza. Muwasho wake si wa mbu wala wa joto. Ni kama mtu kachomeka sindano za moto ndani ya ngozi kisha kaondoka zake. Ajabu ni kwamba mwenyewe kipele kizima sikuwa nakiona. Usiku nimeshakikuna, asubuhi kwenye shuka kuna vitone vya damu na kiwikoni kuna kigaga. Nikienda kwa daktari anakuta mikwaruzo na madoa meusi, anauliza, "Unajikuna sana?" Ndiyo baba, nimekuja kwa hilo.

Baada ya mwaka vikashuka magotini, kisha makalioni (kazi yangu ilikuwa ya kukaa ofisini, fikirieni wenyewe), kisha kisogoni ndani ya nywele. Nimepaka dawa za fangasi. Nimepaka zile tyubu za duka la dawa zenye dawa tatu kwa mpigo mpaka ngozi ya kiwiko ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu. Ukimwi nimepima mara tatu, mara ya tatu mpimaji ananiuliza, "Dada, tatizo lako hasa ni nini?" Mama naye, Mungu amrehemu, alinisomesha kisomo kwa siku saba. Hospitali moja, jina nalihifadhi, walinikata kipande kidogo cha nyama cha kupima kwenye kipele chenyewe, majibu yakarudi "ukurutu sugu". Nikarudi kwenye tyubu.

2016 nikaja huku kusoma. Mwaka uliofuata nikaenda kituo cha afya kwa ajili ya kifua tu. Daktari, mama wa makamo, akaniambia nikunje mikono anipime presha. Akaona kiwiko. Akaomba cha pili. Akaomba magoti. Kisha akaniuliza swali ambalo miaka sita hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mkate unakula?"

Naingia zamu, narudi usiku.

#2 ChapatiMbiliMaharage

Nimeweka kigoda hapa. Kwa hilo jina langu naona uzi huu utaniharibia maisha.

#3 Kisebusebu

Mkate na kiwiko wapi na wapi? Kama ni mzio wa ngano sema mzio, usituzungushe.

#4 NgalawaBarafuni

Nimerudi. Kisebusebu, si mzio, na hapo ndipo wengi tunapopotea. Mwenye mzio wa ngano akila andazi anavimba midomo au anatoka mabaka ndani ya dakika au saa chache. Hili langu linaitwa dematitisi hepetifomisi, na ni uso wa nje wa ugonjwa wa siliaki. Unaweza kula chapati leo, vipele vikaja baada ya siku kadhaa, na vikikaa vimekaa. Ndiyo maana sikuwahi kuunganisha. Nilikuwa nakula ngano kila siku ya Mungu, chai na maandazi asubuhi, chapati jioni. Utaunganishaje kitu ambacho hakijawahi kukosekana?

Na jina lisiwatishe. "Hepetifomisi" maana yake vipele vimejikusanya *kama* vya hepesi. Si hepesi, si mkanda wa jeshi, na hauambukizi. Nimelazimika kumweleza hivyo mchumba wa wakati ule. Hakuelewa. Mada nyingine hiyo.

Nilivyoelezwa mimi, na nilivyosoma baadaye, ni hivi. Ndani ya ngano, shayiri na rai (nafaka ya Ulaya, ndugu wa ngano) kuna protini inayoitwa gluteni, ndiyo inayoufanya unga wa chapati uvutike bila kukatika. Kwa mwenye siliaki, gluteni ikifika kwenye utumbo mwembamba, kinga ya mwili inaiona adui. Vita vikianza, utumbo ndio uwanja wa mapambano. Ule utando wake una vijidole vidogo vidogo kama manyoya ya zulia, ambavyo ndivyo vinavyofyonza chakula, na vita hivyo vinavikata mpaka zulia linabaki kama turubai. Sasa kinga ikishachachamaa inatengeneza kingamwili za aina ya IgA dhidi ya kimeng'enya cha mwili wenyewe kiitwacho transglutaminasi. Kimeng'enya hicho kina ndugu. Cha utumboni ni namba 2, cha kwenye ngozi ni namba 3, na wanafanana. Kingamwili dhidi ya yule ndugu wa ngozini zinasafiri na damu mpaka chini tu ya ngozi ya juu, zinajikusanya huko kama punje za mchanga, zinaita askari wengine, na hapo ndipo kipele kinapozaliwa.

Kwa nini viwiko, magoti, makalio, mgongo wa chini na kichwa? Ni mahali panaposuguliwa na kuegemewa. Daktari wangu alisema ngozi inayobughudhiwa ndiyo inayotangulia kulipuka.

#5 Mama Mahamri

Mwanangu pole. Swali la mama asiyejua: wewe tumbo lilikuwa linauma? Maana ninavyosikia huo ugonjwa wa ngano ni kuharisha na kukonda.

#6 NgalawaBarafuni

Shikamoo mama. Hapana, na hilo ndilo lililonishangaza. Tumbo lilikuwa linajaa gesi, basi. Nani Tanga hajaai gesi kwa maharage ya nazi? Wengi wenye ugonjwa huu wa ngozi hawana shida kubwa ya tumbo, ingawa ukiwaangalia kwa kamera utumbo mara nyingi una majeraha. Nikiangalia nyuma, dalili zilikuwepo, ila zilikuwa za pembeni. Damu ilikuwa inapungua kila mara nikipima, napewa vidonge vya madini ya chuma, inapanda, inashuka. Vidonda vya mdomoni visivyokwisha. Uchovu. Madini ya chuma hufyonzwa mwanzoni mwa utumbo mwembamba, palepale panapoharibika kwanza. Vidonge nilikuwa navipitisha tu.

#7 DaktariWaMtandaoni

Ugonjwa wa wazungu huo. Waafrika hatuna. Acheni kutishana.

#8 NgalawaBarafuni

Nusu kweli, mkuu. Huu wa ngozi umeshamiri zaidi Ulaya ya Kaskazini. Hapa Ufini wanahesabu takriban watu 75 kati ya kila 100,000, ndiyo maana yule mama wa kituo cha afya aliutambua kabla hajanifunga mkanda wa presha. Kwetu Afrika Mashariki ni nadra, sitadanganya, na mtu anayewashwa Mbagala ana sababu ishirini za karibu zaidi.

Lakini "hatuna" si neno. Ili upate siliaki lazima uwe na moja ya vinasaba viwili, DQ2 au DQ8. Wenye vinasaba hivyo duniani ni wengi sana, na wengi wao hawaugui kamwe. Mwaka 1999 watafiti walipima watoto wa Kisahrawi kwenye kambi za wakimbizi Algeria, wakakuta watano hadi sita kati ya kila mia wana siliaki, kuliko wazungu wote, ambao kwao ni kama mmoja kati ya mia. Wasahrawi ni Waafrika. Chakula chao cha zamani kilikuwa maziwa na nyama ya ngamia, siku hizi ni mkate na kuskusi za msaada. Mimi bibi yangu mzaa mama ni Mshihiri, mababu zake walishuka na majahazi kutoka Hadhramauti. Pwani yetu yote imechanganyika hivyo. Nani ana DQ2 na nani hana, huwezi kusoma usoni.

#9 NesiWaZamu

Mleta uzi kaongea vizuri. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya ngozi, si daktari. Nataka kuongezea jambo moja kabla watu hawajatupa unga: ELEZA HABARI YA KUKATA KINYAMA CHA KUPIMA. Hapo ndipo majibu yanapopotea.

#10 NgalawaBarafuni

Asante nesi. Hapo ndipo mimi mwenyewe nilipofanya ujinga, na ni sababu ya uzi mzima.

Siku ile daktari aliponiuliza habari ya mkate, nikarudi chumbani nikaingia mtandaoni, nikasoma mpaka saa tisa usiku. Asubuhi nikatupa kila chenye ngano. Rufaa ya kumwona bingwa wa ngozi ilichukua miezi minne, na miezi yote hiyo sikugusa ngano. Najiona mjanja. Nikafika, wakapima kingamwili kwenye damu. Hakuna kitu. Safi kabisa.

Bingwa akaangalia karatasi, akaniangalia mimi. "Umeacha ngano?" Nimeacha. "Nani alikwambia uache?"

Kipimo cha damu kinatafuta moshi. Ukizima moto kabla zimamoto hawajaja, watakwambia hakuna kilichoungua. Nikaambiwa nirudi kula mkate, vipande vinne kwa siku, wiki nane, ndipo nirudi. Hapa mkate wao ni wa rai, mweusi, mzito kama tofali la kuchoma. Wiki ya tatu viwiko vikawaka. Wiki ya sita nilikuwa nalala na soksi mikononi ili nisijikune. Nimekula ule mkate nikilia, na sisemi kwa kunogesha hadithi.

Siku ya kukata, daktari akapaka dawa ya ganzi mahali ambapo hapana kipele. Pembeni, kama upana wa kidole kutoka kwenye malengelenge, kwenye ngozi nzima kabisa. Nikamshika mkono: "Daktari, umekosea, kipele kiko hapa." Akacheka. Akasema kwenye kipele vita vimeshapita, askari wamekanyaga ushahidi wote. Zile punje za IgA zinaonekana vizuri kwenye ngozi iliyo jirani, ambayo haijalipuka bado.

Akachukua vipande viwili. Kimoja kutoka kwenye kipele, akakitia kwenye chupa ya formalini (maji ya kuhifadhia vipande vya mwili) kama kawaida. Cha pili, kile cha pembeni, akakitia kwenye chupa nyingine yenye maji tofauti, akaandika kwa kalamu nyekundu. Nikauliza. Akasema hiki kinakwenda kupakwa rangi inayong'aa na kutazamwa kwa darubini maalumu, na kikigusa formalini kimeharibika.

Nikakumbuka kipande changu cha Dar: kimekatwa katikati ya kipele, kimewekwa kwenye chupa moja. Hata kama aliyekitazama angekuwa malaika, asingeona.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. IgA, punjepunje, kwenye ncha za ngozi ya ndani. Kwa vile ngozi ilishasema, hawakuona haja ya kunipitisha kamera tumboni.

#11 Kisebusebu

Nafuta kauli yangu ya #3. Endelea dada.

#12 KichwaMotoMwanza

Wakuu mnanitisha. Mimi viwiko, makalio, kiunoni, na usiku ndiyo balaa. Miezi mitatu sasa. Nimeacha chapati tangu jana baada ya kusoma huu uzi. Nifanyeje?

#13 NesiWaZamu

KichwaMoto, KULA CHAPATI YAKO. Mwenzio kaandika aya nzima kueleza kwa nini usiache kabla ya kupima, wewe umeacha.

Sasa nijibu: katikati ya vidole vya mikono kunawasha? Kifundo cha mkono je? Na nyumbani kuna mwingine anayejikuna?

#14 KichwaMotoMwanza

Mke na mtoto wa mwisho wanajikuna pia. Vidole ndiyo.

#15 NesiWaZamu

Nenda kituo cha afya kesho waangalie upele kwanza, ule wa vijidudu unaoambukiza. Hii ya mleta uzi haiambukizi, mke hawezi kuichukua kwako. Utuletee majibu.

#16 MchagaHalisi

Swali la msingi kabisa: bia?

#17 NgalawaBarafuni

Bia ya shayiri, pole sana. Lakini mbege ni ndizi na ulezi, na ulezi hauna gluteni. Mchaga akipata siliaki anarudi tu kwa babu yake.

Habari ya chakula niieleze vizuri, maana watu wanafikiri ukikosa ngano unakufa njaa. Mtu wa Ulaya akiambiwa aache ngano ndipo anapolia. Sisi ugali, wali, muhogo, magimbi, viazi, ndizi, mtama, ulezi, uwele, vyote ruksa. Hapa Tampere mgahawani kila chakula kina herufi. Ukiona G ni salama. Tanga hakuna G, ila nusu ya jiko la mama ni G bila kuandikwa.

Shida ni vile vinavyojificha. Urojo! Nilikuwa naona ni embe, ndimu na viazi, kumbe ule uzito ni unga wa ngano. Boza, ngano. Bokoboko, ngano yenyewe na nyama. Vitumbua ni mchele, lakini kuna wapishi wanatia ngano kidogo vishikane. Mkate wa kumimina vilevile, uliza kwanza. Bhajia za dengu ni salama mpaka ujue zimekaangwa kwenye mafuta yaliyokaangia maandazi asubuhi. Sosi ya soya ina ngano. Uji wa lishe, soma au uliza wamechanganya nini, maana wengi hutia ngano. Na mashine ya kusaga: wewe umepeleka mtama wako safi, aliyekutangulia kasaga lishe yenye ngano, na unga wake wa mwisho unatoka na wako wa kwanza.

Kiwango cha kimataifa cha chakula kinachoitwa hakina gluteni ni kisichozidi miligramu 20 kwa kilo. Makombo tu hayo. Nilipokwenda nyumbani 2019, dada alinipikia wali samaki safi kabisa, lakini nazi aliichuja kwa chujio lilelile analochekechea unga wa maandazi. Siku ya tano, kiwiko. Tangu hapo nasafiri na chujio langu na mwiko wangu, na shangazi zangu wanasema nimekuwa na maringo ya Ulaya.

#18 Mama Mahamri

Kibao na kifimbo cha kusukumia chapati je? Vya mbao, unga unaingia kwenye nyufa.

#19 NgalawaBarafuni

Umeona mbali mama. Hivyo haviwi salama hata ukivisugua kwa jivu. Nunua vingine.

#20 BintiKigamboni

Samahani kwa kuingilia. Mimi natumia losheni imeandikwa ina mafuta ya ngano. Niitupe?

#21 NesiWaZamu

Hapana. Gluteni haipenyi ngozini mpaka ikaleta siliaki, lazima imezwe. Kwa mwenye ugonjwa wenyewe, cha kuangalia ni rangi ya mdomo, kwa sababu hiyo unailamba. Losheni ikikutoa vipele hapohapo ilipopakwa, hiyo ni kesi nyingine.

#22 Padri_Mtarajiwa

Kwetu Wakatoliki hostia, ule mkate wa komunyo, ni ngano lazima. Mgonjwa afanyeje?

#23 NgalawaBarafuni

Mimi ni Mwislamu ila nina rafiki Mpolandi hapa mwenye siliaki, kanielezea. Vatikani ilikumbusha mwaka 2017 kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haikubaliki, lakini yenye gluteni kidogo sana inaruhusiwa, na mtu anaweza kupokea divai peke yake. Yeye anapokea divai. Zungumza na paroko mapema, usisubiri mpaka ufike mbele.

#24 MbalangaSiLaana

Dada, mimi nina mbalanga, na kaka yangu ana soriasisi, yale magamba meupe. Humo mtandaoni wanasema magonjwa yote ya ngozi chanzo ni ngano. Kweli?

#25 NgalawaBarafuni

La hasha. Na hapa nataka niwe mkali kidogo, kwa sababu kuna watu wanauza unga wa bei mbaya kwa uongo huo.

Ugonjwa wa ngozi ambao umefungwa moja kwa moja na siliaki ni mmoja, huu wangu. Soriasisi ina ukaribu: wenye soriasisi wanakutwa na siliaki mara nyingi zaidi kuliko watu wengine, na wale wenye kingamwili kwenye damu baadhi wamepata nafuu walipoacha ngano. Asiye na kingamwili hizo, kuacha ngano ni kujitesa bure. Kaka yako akiwa na shida za tumbo au upungufu wa damu usioeleweka, apime damu. Nywele zinazotoka kwa mabaka ya duara nazo zimehusishwa na siliaki kwa baadhi ya watu. Mbalanga, uhusiano wake ni hafifu, nisingeacha hata andazi moja kwa ajili hiyo.

Kuna pia ngozi inayoharibika kwa sababu tu utumbo haufyonzi: ngozi kavu, kucha zilizobonyea kama kijiko kwa kukosa madini ya chuma, pembe za mdomo zilizochanika. Hiyo ni njaa ya ndani.

#26 Mfamasia_Mstaafu

Nimesoma kimya muda wote. Hujagusa dawa, na mimi najua dawa ipi inakuja. Dapsoni, sivyo?

#27 NgalawaBarafuni

Ndiyo mzee wangu, shikamoo. Dapsoni, ileile ya ukoma. Nilimeza kidonge cha kwanza Jumatatu, Alhamisi nikalala usiku mzima. Sikuamini. Nilikaa kitandani asubuhi natazama shuka jeupe halina tone la damu.

Lakini inazima muwasho tu. Utumbo haiutibu hata kidogo, zulia linaendelea kuwa turubai. Tiba ni kuacha ngano, na ngozi inaelewa taratibu mno, kwa wengi ni miezi sita hadi miaka miwili ndipo dawa inapunguzwa na kuachwa. Mimi ilinichukua mwaka na nusu. Zile punje za IgA zinaweza kukaa ngozini miaka.

#28 Mfamasia_Mstaafu

Marahaba. Basi niwaambie vijana kitu, maana najua kesho kuna mtu ataenda dukani kuomba dapsoni.

Dapsoni inapasua chembe nyekundu za damu. Kwa watu wengi inapasua kidogo tu, daktari anafuatilia damu na maisha yanaendelea. Lakini kwa mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD inaweza kupasua nyingi kwa mkupuo, mkojo ukawa rangi ya kokakola na damu ikaisha. Na upungufu huo umejaa kwetu, kwa sababu kila palipokuwa na malaria kwa karne nyingi ndipo ulipoota mizizi. Mnakumbuka dawa ya malaria ya Lapdap? Ilikuwa kloproguanili na dapsoni. Ilikuja 2003, ikaondolewa sokoni 2008 kwa sababu hiyohiyo, watoto wenye upungufu wa G6PD walikuwa wanaishiwa damu. Mimi nilikuwa kaunta miaka hiyo, nilirudisha maboksi kwa mikono yangu.

Mtu asimeze dapsoni bila kupimwa G6PD na wingi wa damu. Midomo ikiwa ya buluu, kichwa kikiuma, ukihema kwa shida, rudi hospitali usiku huohuo.

#29 NgalawaBarafuni

Asante sana mzee. Mimi nilipimwa G6PD kabla, na damu kila wiki mwezi wa kwanza. Ilishuka kidogo ikatulia.

Na jingine nililosahau: madini joto kwa wingi huwasha moto ugonjwa huu kwa baadhi yetu. Dagaa wa bahari, mwani, dawa za kikohozi zenye ayodini. Mwenzangu mmoja wa Paje alikuwa anatengeneza sabuni na juisi ya mwani, juisi ndiyo iliyomrudisha nyuma. Lakini msiache chumvi yenye madini joto kwa kichwa chenu, rovu si mchezo. Muulizeni daktari.

#30 ChapatiMbiliMaharage

Hivi huu uhusiano uligunduliwa na nani? Maana mtu kuunganisha kiwiko na chapati inahitaji akili ya ziada.

#31 NgalawaBarafuni

Hakuna mtu mmoja, na walichelewa. Louis Duhring, daktari wa ngozi wa Philadelphia, aliuelezea na kuupa jina mwaka 1884. Miaka minne baadaye Samuel Gee wa London akaandika kuhusu watoto wenye siliaki, akasema dawa yao itapatikana kwenye chakula, ila hakujua chakula kipi. Hakuna aliyeona kuwa wanazungumzia nyumba moja, mmoja amesimama barazani na mwingine uani.

Ngano ilishikwa Uholanzi. Daktari wa watoto Willem Dicke alikuwa ameitilia shaka tangu miaka ya 1930, kisha ikaja njaa ya 1944 na 1945, vita vikali, mkate hakuna. Wagonjwa wake wa siliaki, badala ya kudhoofika kama wengine, wakapata nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Akaandika tasnifu yake 1950.

Ngozi ikabaki peke yake mpaka 1966, pale Janet Marks na wenzake wa Newcastle walipochunguza utumbo wa wagonjwa wa vipele hivi, ambao wengi hawakulalamikia tumbo, wakakuta zulia limekatwa. Miaka mitatu baadaye, 1969, Mholanzi van der Meer akaziona zile punje za IgA kwenye ngozi.

1884 hadi 1966 ni miaka 82. Mimi nimepoteza sita tu, nisilalamike sana.

#32 Kisebusebu

Na yule mdogo wako wa magoti?

#33 NgalawaBarafuni

Nilijua utauliza. Ndugu wa damu wa mwenye siliaki ana nafasi kama moja kati ya kumi ya kuwa nayo, kwa hiyo sikupuuza. Yuko Tanga. Nimemwambia asiache ngano hata siku moja, apime damu kwanza, kingamwili za transglutaminasi pamoja na IgA yote kwa jumla, kwa sababu kuna watu hawatengenezi IgA kabisa na kipimo kinawadanganya. Kisha nimemwandikia kwenye karatasi ya kumpa daktari wa ngozi, mistari mitatu: kipande cha pembeni ya kipele, kisitiwe formalini, kipelekwe panapopimwa kwa mwanga. Amesema anaona haya kumfundisha daktari kazi. Nimemwambia ampe karatasi tu, aseme dada yake wa Ulaya ni msumbufu.

#34 KichwaMotoMwanza

Wakuu, mrejesho kama nilivyoahidi. Nimechelewa wiki tatu, samahanini. Ilikuwa UPELE. Nyumba nzima tumepakwa BBE (dawa ya upele) kuanzia shingoni mpaka unyayoni, mashuka yote tumechemsha, mkwe aliyekuja kutembelea naye kapakwa kwa lazima. Tangu juzi nalala. Nesi Mungu akubariki.

Chapati nimeruhusiwa?

#35 NesiWaZamu

Ulikuwa hujakatazwa.

#36 NgalawaBarafuni

Kula na ya kwangu, mkuu. Ile ya kukunja, yenye samli, iliyobabuka kidogo pembeni.